Uzoefu wangu: kozi ya biashara ya muziki na uimbaji chuoni hapa Mbeya

Mlioniuliza inboksi kuhusu ile kozi, haya nimeimaliza, cheti ninacho, sasa naongea. Jina la chuo silitaji maana kuna mambo nitayasema hawatayapenda, ila watu wa Mbeya mtakuwa mmeshajua ni wapi.

Mi ni mtu wa kwaya, nimekulia kwaya ya Moravian, sauti ya pili mpaka naota. Kwahiyo upande wa uimbaji nilienda nikijua nitapita tu kama maji. Madam wa sauti, mama mmoja aliyeimba bendi za hotelini Dar miaka mingi, akanisimamisha niimbe beti moja, hata kiitikio sijafika akasema basi mwanangu, wewe unaimbia mtu wa benchi la mwisho kanisani wakati maiki iko hapa mdomoni, hizo kelele za nini? Darasa likacheka, na mi nikacheka, maana ni kweli. Kwaya inakufundisha sauti yako isitokeze, izame kwa wenzako, huku biashara inataka mtu akisikia sekunde tano kwenye redio ya daladala ajue ni wewe. Akawa anatuambia soma hiyo beti kama unamsimulia shoga yako umbea, bila kuimba, halafu rudia hivyohivyo ndio uweke melodi. Aisee inabadilika kabisa. Maiki nayo kumbe ina darasa lake, unaweka kiganja mbele ya mdomo unatamka "papa" na "baba" unausikia ule upepo, basi ndio huo unaopasua rekodi, dawa yake unaimba ukiielekeza maiki pembeni kidogo, na ukipanda juu unaisogeza mbali isikwaruze. Na vipindi vyake vilikuwa asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua, hakuna kuimba mpaka muungurume kwa midomo iliyofungwa mpaka koo lipate moto. Huyu mama peke yake nampa nyota 5.

Ila kilichonifanya nisiililie ada yangu ni somo la mikataba. Mwalimu wake ni mwanasheria, mpole, anaongea taratibu mpaka unasinzia, lakini siku aliyoandika hesabu ubaoni hakuna aliyesinzia. Alisema hivi, lebo, yani kampuni inayokusimamia kimuziki, imekutolea milioni 3 ya video, wimbo umeingiza milioni 4, mkataba unasema wewe asilimia 30. Unapata ngapi? Wote tukajibu milioni 1 na laki 2. Akasema inategemea kasentensi kamoja tu. Kama gharama zinatolewa juu kabla ya kugawana, inabaki milioni 1, yako ni laki 3. Kama gharama zinakatwa kwenye fungu LAKO, basi ile milioni 1 na laki 2 yote inaenda kulipa deni, lebo imeshika milioni 4 nzima na wewe bado unadaiwa milioni 1 na laki 8. Wimbo uleule, asilimia zilezile. Kuna kaka wa Mbozi alitoka nje kupiga simu palepale, sijui alimpigia nani ila sura haikuwa nzuri.

Halafu akatufundisha kutenganisha haki ya utunzi na haki ya rekodi, kwamba aliyetunga maneno na melodi ana chake na aliyegharamia kurekodi ana chake, na kwa sheria yetu ya hakimiliki, ile Namba 7 ya 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, yani mpaka wajukuu wanakula. Tukapewa karatasi ya mgawanyo, nani katunga, nani kapiga biti, asilimia ngapi, sahihi, na mnaijaza studio kabla hamjaachana, sio wimbo ukishahiti ndio mnaanza kukumbushana. Mi sasa hivi nikiingia kwa prodyuza ninayo kwenye begi, wengine wananuna, wanune.

Sasa malalamiko. Mwalimu wa masoko anasoma slaidi, mifano yote Marekani na Uingereza, mara ziara za mabasi, mara mawakala wa tiketi, sisi tunataka kujua promota wa hapahapa Mwanjelwa, Mbeya, anayekuambia "njoo upige shoo utapata jina" unamdai vipi advansi. Hajui. La maana nililotoka nalo kwake ni mambo ya YouTube, kwamba njia moja ya kupata hela ya matangazo ni kufikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, na hilo ungelipata gugo bure.

Studio ya chuo ni moja, kompyuta moja, foleni ni jina kwenye karatasi ya mlangoni na kuna watu wanafuta majina ya wenzao (mnajijua). Spika moja inanguruma tangu tumeingia mpaka tumetoka. Kilichoniuma zaidi, tulivyokuwa tunajiandikisha tuliambiwa demo, yani rekodi ya mfano ya wimbo wako, imo kwenye ada, ilivyofika mwisho tukaambiwa tuchangie hela ya fundi wa kurekodi. Nilichanga, ningefanyaje, ila ulizeni hilo mapema na mpewe kwa maandishi.

Kwa ujumla nyota 4, na hiyo moja niliyokata ni ya studio na yule wa slaidi. Kama unatafuta kutoka kimuziki haraka, hiyo hela rekodia ngoma, kozi haitakutoa. Kama tayari una nyimbo na watu wameanza kukuletea makaratasi usaini, nenda, na nenda na hayo makaratasi yako, yule mwanasheria akimaliza kipindi anakaa na mtu mmojammoja anakupitishia mstari kwa mstari bila kukudai hata mia. Kama makaratasi yanakusubiri wiki hii usisubiri kozi, tafuta wakili sasa hivi.

Vipindi vya jioni vinatoka usiku, wa Uyole daladala mtagombania, chukueni vya asubuhi hata kama baridi inauma.