Kozi ya mikunjo eliptiki inayong'ang'ania kwamba jibu ni 0

Nyota moja. Video zao za opereta za Hecke, chombo kimoja cha somo hili, zinastahili zaidi, na nitazisemea huko mbele, lakini kwa sasa ni moja na hata hiyo natoa kwa shingo upande.

Ni kozi ya kulipia, ya mtandaoni, inayoahidi kukutoa kwenye mlinganyo wa mkunjo eliptiki (y mraba upande mmoja, x mchemraba upande mwingine) mpaka kwenye fomu yake ya moduli (mfululizo wa vipeo vya q unaobeba hesabu za mkunjo huo) kwa hesabu za mkono. Jina siandiki. Waliowahi kukwama kwenye zoezi la kuhesabu nukta wataitambua.

Mkunjo wa zoezi wameuchagua vizuri: y² + y = x³ − x². Kondakta wake, namba inayoonyesha tasa ambako mkunjo unaharibika, ni 11, na hakuna mkunjo eliptiki wa namba wiani (namba nzima na sehemu) wenye kondakta ndogo kuliko hiyo. Upande wa pili ipo fomu ya uzito 2 na daraja 11: chukua q, zidisha kwa (1 − qⁿ)²(1 − q¹¹ⁿ)² kwa kila n kuanzia 1. Ukifungua mabano unapata q − 2q² − q³ + 2q⁴ + q⁵ + 2q⁶ − 2q⁷ na kuendelea. Kazi ya mwanafunzi ni hii: kwa kila namba tasa p, hesabu nukta za mkunjo moduli p (yaani ukibakiza masalio tu ya kugawa kwa p), ongeza ile moja ya mbali isiyo na kikomo, toa jumla hiyo kwenye p + 1. Unachopata lazima kilingane na namba iliyo mbele ya q kwa kipeo cha p.

Anza na 2. Ukiweka x = 0, y inaweza kuwa 0 au 1. Ukiweka x = 1, ni vilevile. Nukta nne, na ile ya mbali ni tano. 3 − 5 = −2. Fomu nayo inasema −2. Safi kabisa.

Kisanduku cha majibu kinakataa −2. Kinataka 0.

Ukienda kwenye 3, jibu ni −1, nacho kinataka 0 tena. Kuanzia 5 kila kitu kinakubali. Mtu anayejua mambo haya akiona 2 na 3 tu ndizo zinazogoma, ameshamjua mwizi. Mfumo wao wa kusahihisha unageuza kila mkunjo kuwa wa umbo fupi kabla ya kuhesabu. Mkunjo wetu unakuwa y² = x³ − 432x + 8208, kwa kuweka 36x − 12 mahali pa x na 216y + 108 mahali pa y. Ukiruhusu sehemu, ni mkunjo uleule. Lakini 36 na 216 zote ni sifuri moduli 2 na moduli 3, kwa hiyo mageuzi hayo huko hayarudishiki. Diskriminanti, namba inayogawanyika kwa kila tasa ambako mlinganyo unaharibika, ilikuwa −11, sasa ni −11 mara 6 kwa kipeo cha 12. Kinachobaki moduli 2 ni y² = x³, mkunjo wenye ncha, na ncha hutoa 0. Wamehesabu nukta za kitu kingine!

Kosa hilo lingesameheka. Jibu la huduma kwa wateja ndilo lililonichefua: thiorema inayolinganisha mkunjo na fomu haihusu tasa chache, ruka 2 na 3, urudie misingi. Misingi ipi? Tasa mbovu, ambako mkunjo unapata ncha au unajikata, ni mali ya mkunjo, haitokani na namna mtu alivyoamua kuuandika. Mbovu hapa ni 11 peke yake, na hata hapo hesabu inakubali: mkunjo unajikata kwenye (8, 5), ukihesabu nukta zote pamoja na hiyo unapata 11, na 12 − 11 = 1. Angalia q¹¹ kwenye fomu. Ni 1.

Tena si jambo dogo la kurukwa. Wiles, akisaidiwa na Taylor, alithibitisha mwaka 1995 kwamba ulinganifu huo ni kweli kwa mikunjo isiyo na ncha kwenye tasa yoyote, na huu ni mmoja wao. Ile yenye ncha ilimalizwa na Breuil, Conrad, Diamond na Taylor mwaka 2001. Kisahihishi chao kimeuhamisha mkunjo kutoka kundi la kwanza kwenda la pili bila aibu. Baya zaidi liko kwenye somo la Birch na Swinnerton-Dyer. Thamani ya L (zao la vizidishi, kimoja kwa kila tasa, vinavyotokana na hesabu hizi za nukta) kwenye 1, ukiigawa kwa kipindi cha mkunjo huu (namba itokanayo na integrali yake), ni 1/25. Ukizipa 2 na 3 sifuri, unapoteza vizidishi 2/5 na 3/5, hivyo L inavimba mara 25/6. Kipindi ukikikokotoa kwa umbo lile fupi kinapungua mara sita. Matokeo: 1 kamili badala ya 1/25. Makosa mawili yamebebana, mwanafunzi anashangilia.

Sasa haki yao. Video za Hecke ni bora kuliko nyingi nilizoona; zinaonyesha kwa mkono kwa nini namba ya q⁴ ni (−2)² − 2 = 2, na ya q⁶ ni −2 mara −1. Aliyefundisha pale anajua kazi yake, na jedwali lake linawaumbua wenzake wa kisahihishi. Kwa video hizo pekee ningefika nyota tatu. Kisha nakumbuka "rudia misingi" na narudi kwenye moja.

Kama umeshalipa, pakua PARI/GP, programu ya hesabu za namba, ni bure. Andika E = ellminimalmodel(ellinit([-432,8208])), kisha E.disc, ikitoa −11 uko salama. ellan(E,13) itakupa namba zote mpaka q¹³, ikiwemo 4 ya mwisho. Kwenye kisanduku chao jaza 0 mara mbili uchukue cheti, na kwenye daftari lako andika −2 na −1.