Mwaka mmoja wa kupima betri za pikipiki kwa python-can: uzoefu wangu

Kazi yangu ni programu inayokaa ndani ya betri ya pikipiki ya umeme, ile kompyuta ndogo inayoamua betri ichaji lini na ijikate lini isije ikaungua. Tuko watu sita kwenye karakana moja hapa Nairobi. Zamani majaribio yalikuwa ya mikono: mmoja anashika hita, mwingine anasoma skrini, wa tatu anaandika daftarini. Kila toleo jipya la programu lilitula siku mbili.

Tukataka kompyuta itufanyie majaribio hayo, tukaanza na programu moja ya kulipia ambayo sitaitaja. Siku 30 za kuijaribu zilikuwa tamu, grafu zinapendeza, kila kitu ni kubofya tu. Kisha ikaja bei ya leseni, na leseni yenyewe imefungwa kwenye kijiti kimoja cha USB ambacho tungekigombania kama rimoti ya TV. Mhasibu aliisoma ile bei, akairudisha karatasi mezani, akaenda kunywa chai.

Ndipo nikahamia vitu vya bure vya lugha ya Python: python-can ya kutuma na kupokea ujumbe wa CAN (mtandao wa nyaya mbili ambao kompyuta ndogo za ndani ya magari na pikipiki huzungumzia), cantools ya kuufasiri, na pytest ya kuendesha majaribio na kutoa hukumu. Nyuma yake kuna SocketCAN, ambayo imo ndani ya Linux tangu 2008, kazi iliyoanzia kwa watafiti wa Volkswagen. Kwa hiyo laptopu ya Linux huuona mtandao wa CAN kama inavyouona mtandao mwingine wowote. Hata bila betri unaweza kuunda mtandao wa kubuni, vcan, ukaandika majaribio yako ukiwa nyumbani. Hapo nikanasa.

Jioni ya kwanza nilipounganisha betri halisi, skrini ilisema joto ni digrii 6400. Uso wa jua wenyewe ni kama 5500. Fundi wetu akachungulia: “Injinia, hii ni betri ama jua?” Kosa lilikuwa langu. Joto husafiri kwa baiti mbili, na kwenye faili la DBC, lile linaloiambia cantools kila biti ina maana gani, nilikuwa nimezipanga kinyume. 25 ikageuka 6400. Cantools haikulalamika, na sioni kwa nini ilalamike; ilisoma nilichoandika.

Wiki iliyofuata ikawa ya nyaya. Ujumbe ulipotea mara moja moja. Jaribio linapita asubuhi, linaanguka mchana, na hakuna aliyegusa kitu. Nilisaka kosa kwenye Python siku tatu kabla ya kuchukua mita. CAN inataka rezista ya omu 120 kila mwisho wa waya, kwa hiyo ukizima umeme na kupima kati ya nyaya zake mbili unapaswa kupata 60. Mimi nilipata 40. Adapta yetu ya bei rahisi ilikuwa na rezista ya tatu ndani yake, na hakuna karatasi iliyosema hivyo.

Sasa kile kilichonifanya niandike haya. Tuliacha kupasha betri moto. Kihisi joto chetu ni cha omu 10,000 kwenye digrii 25, na hushuka hadi karibu 2,500 kwenye 60. Tukaweka bodi ya Arduino inayobadilisha rezista ya uongo mahali pake, na betri ikaamini inaungua. Usiku mmoja niliiacha bodi ipandishe na kushusha joto hilo la uongo nusu digrii kwa nusu digrii. Asubuhi nikakuta jaribio moja jekundu: kwenye 60 kamili, swichi kuu ilikuwa inakata na kurudi, ta-ta-ta, bila kukoma. Sikuwa nimeacha nafasi kati ya joto la kukata na joto la kurudisha. Kwa mikono tusingeliona kamwe. Mwenye hita huruka kutoka 55 hadi 65. Nani atakaa kwenye 60 akisubiri?

Udhaifu wake ni muda. Ujumbe wa kujirudia hauna shida, maana kwenye SocketCAN python-can huikabidhi Linux kazi hiyo. Lakini kupima kwa saa ya Python kama betri imekata ndani ya milisekunde 5 ni kujidanganya. Soma muda uliogongwa kwenye ujumbe wenyewe ulipopokelewa, au azima osiloskopu.

Na kama unafuata ISO 26262, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya umeme na elektroniki ya magari, ambayo tangu 2018 ina sehemu ya 12 kwa ajili ya pikipiki, utatakiwa kuonyesha kwamba chombo chako cha kupimia kinaaminika. Hivi vya bure haviji na karatasi hizo. Utaziandaa mwenyewe, na si kazi ya wiki moja. Hapo wale wa kijiti cha USB wana hoja.

Ripoti ndizo bado zimenishinda. Pytest hunipa faili la XML ambalo bosi hawezi hata kulifungua kwenye simu. Kwa sasa namtumia picha ya skrini yenye vitone vya kijani, naye hunijibu kwa dole gumba.