Stata ya boti: ipi ununue, ipi umwachie mwenye gari

"Injini ni ileile ya Chevrolet, mama. Spea ni ileile."

Muuza spea aliyeniambia hivyo alisema kweli nusu. Injini ya MerCruiser 4.3 V6 iliyo kwenye boti yetu ya kupeleka wageni kisiwa cha Mbudya imejengwa juu ya bloku ya General Motors, ileile iliyofungwa kwenye Chevrolet kadhaa. Stata ya gari iliingia, boliti zikakaa, injini ikadaka mara ya kwanza. Nililipa laki na themanini nikaondoka nachekelea.

Siku ya tatu, giza linaingia, fundi akainua mfuniko wa injini akaniambia niiname nitazame wakati anapiga stati. Chini ya stata kuna kitundu cha kutolea maji, kijiti cha kiberiti kinapita. Humo nikaona cheche za buluu. Shubiri mbili chini yake ni ngama, sakafu ya chini kabisa ya boti panapotuama maji, na ngama ilikuwa inanuka petroli.

Habari za ampea na idadi ya meno muulize fundi wako. Mimi siku hizi nauliza kitu kimoja: imezibwa? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari unashuka barabarani na upepo unauchukua. Kwenye boti hauna pa kwenda, unatuama kama maji kwenye karai. Stata ya boti imezibwa ili cheche ibaki ndani. Altaneta yake, ile ya kuchaji betri, ina wavu mwembamba kwenye matundu. Za gari ziko wazi.

Ya kwanza kwangu ni Quicksilver, spea za Mercury wenyewe wanaotengeneza MerCruiser. Ni ghali, na nina upendeleo, sifichi. Ya pili Sierra: si ya waliotengeneza injini, lakini ni ya boti kweli. Yoyote utakayochukua, tafuta SAE J1171 au ISO 8846 kwenye bodi lake, namba za viwango vinavyosema kifaa hakiwezi kuwasha mvuke wa petroli. Ya tatu ni stata kuukuu ya boti iliyosukwa upya, ila fundi asiporudishia mipira ya kuzibia, amekutengenezea stata ya gari. Ya gari yenyewe siipi namba.

Pampu ya mafuta nayo ni hivyohivyo. Diaframu ya pampu ya gari, ule utando unaosukuma mafuta, ikipasuka, petroli inaweza kumwagika ngamani. Ya boti ina diaframu mbili. Kabureta ya gari, inayochanganya petroli na hewa, ikifurika inamwaga nje, ya boti inairudisha kooni mwake. Mwenye injini ya dizeli ana nafuu hapa, dizeli haitoi mvuke wa kulipuka kirahisi hivyo. Yeye adui yake ni kutu.

Sasa wauzaji. Wapo wanaopaka stata ya gari rangi nyeusi, wanabandika karatasi yenye picha ya nanga, bei inapanda mara mbili. Ukiuliza namba ya kiwango iko wapi, unaambiwa "imefutika." Namba gani hiyo inafutika na nanga inabaki? Na ukitaka ya kweli, unatajiwa bei kwa dola, mtu mwenyewe amekaa Kariakoo anakunywa kahawa ya shilingi mia mbili.

Ile ya kwangu niliirudisha kwa yule muuza spea. Akaigeuzageuza, akainusa, akasema hawezi kuipokea, imeshaonja chumvi.

Kumbe chumvi anaijua.