Presi ya kujazia risasi za bastola: ipi inunuliwe kama spidi zako zinarukaruka

Jamani malalamiko ninayoyapata ni yale yale, hasa kwa wenzetu walioko Texas na Arizona wanaopiga mechi za USPSA (chama cha mashindano ya shabaha Marekani): presi moja, baruti moja, kichwa kile kile cha greni 147 (greni ni kizio kidogo cha uzito), halafu kwenye kronografu, kile kifaa cha kusoma spidi, risasi moja inasoma futi 850 kwa sekunde, inayofuata 930. Sasa piga hesabu, 147 mara 850 gawa kwa 1000 unapata 124.95, na kiwango cha chini cha nguvu ya risasi kwenye mechi ni 125, yaani wastani wako ukiangukia hapo utapiga mechi nzima bila pointi. Ndo maana watu wanaongeza baruti wajihami, bastola inaanza kurusha mkono, wakati baruti haikuwa chache, ilikuwa haidondoki sawa.

Mambo ya presi kutoa risasi ngapi kwa saa siyagusi, yako kwenye kila tangazo. Mi naangalia kipimo cha baruti, yaani kile kinachomimina baruti kwenye ganda, na kinavyosukumwa. Kwenye presi nyingi za progresivu (zile ambazo kila ukivuta hendeli zinashughulikia maganda kadhaa kwa mpigo) ganda lenyewe ndo linapanda na kukisukuma kipimo, kwa hiyo dai ya baruti (kile kipande cha skrubu kinachobeba kipimo) ikifungwa juu kidogo, baa inayoteleza kupima baruti haifiki mwisho wa safari yake na ganda linapata pungufu, na ukivuta hendeli mara kwa nguvu mara kivivu basi kila ganda na bahati yake. Chukua tochi, shusha hendeli mpaka chini kabisa, chungulia ile baa: likibaki pengo hata la unene wa kucha, teremsha dai kisha pima upya. Halafu meza. Meza ikitikisika baruti inajishindilia kwenye chupa na uzito unahama taratibu bila wewe kujua, ifunge ukutani kwa skrubu yaishe.

Namba moja kwangu ni Dillon XL750, na ndio, mi ni mtu wa bluu, rangi ya Dillon, sifichi. Iliingia 2019 kuchukua nafasi ya XL650, ina stesheni tano kwa hiyo unapata nafasi ya kuweka kikagua baruti, na kipimo chake kinarudishwa na fimbo, hakiachiwi springi peke yake. Kasoro yake sahani ya maganda inaruka ikimaliza kuzunguka, baruti laini inamwagika, hapo mwishoni lainisha mkono.

Ya pili Hornady Lock-N-Load AP, ile nyekundu. Sahani yake inazunguka nusu hendeli ikishuka na nusu ikipanda, baruti inatulia ndani ya ganda. Hapo inaishinda bluu, inaniuma kusema, ila kuiseti kunataka roho ngumu.

Ya tatu Dillon RL550C. Unazungusha kwa mkono, taratibu, hakuna cha kuruka. Lakini simu ikilia ukasahau kuzungusha, unamimina baruti mara mbili ganda moja na hiyo inapasua bastola, kwa hiyo kama una watoto wanaoingia ingia gereji achana nayo.

Lee Pro 1000 na Six Pack Pro ni za bei nafuu, zinajaza risasi, basi.

Kabla hujalaumu presi angalia na baruti yenyewe, Unique ina vipande vikubwa vinakwama kwenye tundu dogo, HP-38 inamiminika vizuri zaidi. Na pima miminiko 10 kwa pamoja ugawe, mzani wa kawaida unasoma sehemu moja ya kumi ya greni tu, ukipima mmoja mmoja hautakuonyesha kitu.

Sasa hawa wauzaji. Bei ya kwenye picha ni ya presi tupu, kilisha maganda pembeni, vifaa vya kubadili kaliba pembeni, kipimo cha pili pembeni, mpaka ufike kulipa kikapu kimevimba. Praima, vile vidude vya kuwashia baruti, ndo usiseme, kabla ya 2020 elfu moja ulikuwa unazipata kwa dola 30 na kitu, mwaka ule na uliofuata watu waliziuza zaidi ya 100 bila aibu, na bado juu yake unatozwa ada ya mzigo hatari. Wengi wanaitoza mara moja kwa kila mzigo, kwa hiyo agiza baruti na praima pamoja kwa muuzaji mmoja, au changeni na mwenzio wa klabu.