Gari lililotumika la kwenda Mwanza na kurudi kila siku: la kwanza hadi la mwisho

Ukikaa Misungwi na kazi yako iko mjini Mwanza, kwenda ni karibu kilomita 45 na kurudi vilevile. Kwa siku 22 za kazi unamaliza karibu kilomita 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Anayetoka Magu anazidi hapo. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa, wapo watu wa Sengerema waliokuwa wakipanga siku yao kwa kufuata kivuko ambao sasa wanalala kwao na asubuhi wanafungua duka Mwanza. Watu hawa wote hawawezi kununua gari kwa hesabu za mtu wa Nyegezi anayeshuka mjini mara moja na kurudi nyumbani.

Anza na mafuta. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 133 kwa mwezi kwenye safari hiyo ya Misungwi. Linalokwenda kilomita 9 litakunywa lita 222. Tofauti ni lita 89. Tuchukue bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita: ni shilingi 267,000 kila mwezi, zaidi ya milioni 3.2 kwa mwaka. Bei halisi iweke mwenyewe kutoka kwenye tangazo la EWURA la Jumatano ya kwanza ya mwezi, na usome mstari wa Mwanza, si wa Dar es Salaam, kwa sababu mafuta ya huku yameshabeba gharama ya kusafirishwa kutoka bandarini.

Halafu sevisi. Ukibadilisha oili kila kilomita 5,000, kwako hiyo ni kila miezi miwili na nusu. Tairi, brekipadi na shokapu navyo vinaisha upesi kwa mwendo huohuo. Na likizimika Usagara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unachohitaji ni fundi yeyote wa karibu anayeijua injini ile na spea inayopatikana mjini siku hiyohiyo. Spea ya kusubiri basi la usiku kutoka Dar inakunyima siku mbili za kazi.

Kwa hiyo nimeyapanga magari haya kwa mambo matatu tu: unywaji wa mafuta kwenye lami ndefu, spea na fundi, na kama mtu anaweza kukaa ndani yake saa mbili au tatu kwa siku, mwaka mzima, bila kuumwa mgongo. Sura ya gari sikuihesabu.

La kwanza: Toyota Premio au Allion ya CC 1,500

Hizi ni gari moja lenye sura mbili, kwa hiyo chukua iliyo nzima zaidi kati ya hizo utakazoziona. Toleo la kwanza ni la 2001 hadi 2007, la pili linaanzia 2007. Injini ya kutafuta ni 1NZ-FE. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo huna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Pia ni injini ileile iliyomo kwenye IST ya CC 1,500, Fielder, Probox, Raum na Spacio. Hapo ndipo ubora wake ulipo kwa mtu wa kanda hii: fundi wa Kisesa, wa Misungwi, wa Busisi, wote wameshaifungua na kuifunga, na plagi, koili au pampu ya maji yake haikosekani dukani.

Viti vyake ni vya gari la familia, na ni nzito kiasi cha kutulia barabarani. Basi la mikoani likikupita kwa kasi pale Usagara, hutalazimika kushindana na usukani. Ikiwa nzima na mguu wako si mzito, tegemea kilomita 14 hadi 16 kwa lita kwenye lami.

Lakini soma kadi ya gari kabla ya kumsikiliza dalali. Jina Premio halikutoshi, CC ndiyo inayoeleza umeshika nini. Ya CC 1,800 ya toleo la kwanza ina injini ya 1ZZ, na za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili. Ya CC 2,000 ya toleo hilo ni D4, nitaifikia. Toleo la pili la CC 1,500 linatumia gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua, ambayo haina tabu ikiwekewa oili yake yenyewe. Aliyewahi kuimiminia oili ya gia ya kawaida ili aokoe fedha amekuachia wewe bili. Muulize muuzaji mara ya mwisho ilibadilishwa lini na kwa oili gani, na akisita, punguza bei kwa kiasi cha hofu yako au ondoka.

Kasoro yake ya kweli ni kuwa chini. Kama kutoka lami hadi nyumbani una njia ya mawe, kama zile za kupanda milima ya Mabatini au Igogo, bampa la mbele litakwaruzika.

La pili: Fielder, na nyuma yake Probox na Succeed

Kwa mwalimu au karani ambaye Jumamosi ni mfanyabiashara, hapa ndipo pa kuangalia. Fielder ya CC 1,500 inakaribia Premio kwa kila kitu na ina nafasi ya mizigo nyuma. Probox, iliyoanza kutengenezwa 2002, ni gari la kazi waziwazi: viti vigumu, kelele nyingi ndani, lakini inabeba, inavumilia na haina mambo mengi ya kuharibika. Kwa safari ya saa moja kwenda ningeipendelea Fielder kwa ajili ya viti vyake.

Tatizo la magari haya kwetu ni maisha yake ya awali. Mengi yamekuwa michomoko, yakijaza abiria kupita uwezo wake mwaka baada ya mwaka. Fungua milango ya nyuma na uangalie bawaba zake, kisha simama nyuma ya gari kwa umbali mdogo uone kama limekaa sawa au limelala upande mmoja. Mengine yamebeba samaki. Funua zulia la nyuma lote, toa tairi ya akiba, pitisha mkono kwenye bakuli la chuma lililo chini yake. Gari lililokuwa likichukua kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, kutoka soko la Mwaloni Kirumba lina maji ya chumvi yaliyojificha pale kwa miaka. Utaona kutu inayoinuka kwa magamba, rangi iliyovimba kwenye maungio ya bati, na kwenye kona za ndani punje nyeupe ambazo hata kuoshwa kwa presha hakujaziondoa. Harufu wanaweza kuificha kwa manukato. Kutu ya mahali pale hawaifichi, labda waipake rangi nyeusi mpya, na rangi nyeusi mpya chini ya zulia la gari la 2005 ni jibu tosha. Ziwa letu ni la maji baridi na halina kosa kwenye kutu hiyo, chumvi imetoka kwenye mzigo.

La tatu: IST

Najua wengi wangeiweka juu. Inauzika haraka kuliko gari lolote mjini, spea zake zimejaa, toleo la kwanza lina gia ya otomatiki ya kawaida ya hatua nne ambayo haimsumbui fundi. Kwa mtu wa Buhongwa au Igoma ningeiweka ya kwanza bila kufikiri. Kwa kilomita 90 za kila siku ni fupi na nyepesi, inarukaruka kwenye viraka vya lami, na ya CC 1,300 inalazimika kufanya kazi sana unapotaka kulipita lori lenye tela. Ukiichukua kwa safari ndefu, chukua ya CC 1,500.

Bei yake nayo imepandishwa na jina. Mara nyingi fedha inayoombwa kwa IST iliyochoka inakupa Allion iliyotunzwa, kwa sababu vijana hawaigombanii.

La nne: Vitz na Passo za CC 1,000

Mafuta zinabana kweli. Passo, na Vitz za kuanzia 2005, zina silinda tatu na CC 996, na kwa kuwa hazivuki 1,000, wakati wa kuagiza hazitozwi ushuru wa bidhaa unaokwenda kwa ukubwa wa injini. Ukiwa peke yako, na mwendo wako ni wa taratibu, zinatosha. Ukiwa na abiria watatu na mizigo, kila mlima utausikia.

La tano, kwa masharti: Toyota Aqua

Ndilo linalonywa kidogo kuliko yote niliyoyataja, maana linasaidiwa na mota ya umeme. Betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa inayovutwa kupitia tundu lililo pembeni ya kiti hicho. Vumbi la barabara za udongo linaziba pale, betri inapata joto, na inakufa kabla ya siku zake. Linunue kama njia yako yote ni lami, umempata fundi anayelipima kwa kompyuta, na umeweka akiba ya betri.

Ya mwisho kwa safari hii

RAV4 na Premio za D4, Crown, Mark X, Subaru Forester, X-Trail. Ni magari mazuri kuendesha, na kama njia yako inageuka tope kila masika, Forester itafika mahali ambapo Premio imekwama. Lakini rudi kwenye hesabu ya lita 89. D4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo pamoja na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu. Mtu anayejaza mafuta kila baada ya siku chache, vituo tofauti, anaiweka kwenye hatari hiyo mara nyingi kuliko mwenzake wa mjini.

Kulikagua

Namba ya gari isikudanganye. "Namba E" inakuambia limesajiliwa nchini karibuni, haisemi limetengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi, na namba ya chesesi iliyoandikwa humo lazima ifanane na iliyogongwa kwenye bati la gari. Kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma kwa urahisi, kwa hiyo angalia vitu visivyorudishwa: raba ya pedeli ya breki, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, na usukani ulivyong'aa. Dashibodi ikisema 70,000 na raba ya breki imelika hadi chuma, amini raba. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za mstari wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta uone kama ndani kuna kulanti au maji ya bomba yenye kutu. Liwashe mwenyewe, mtu mwingine asimame nyuma kuangalia moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Kisha lipandishe mlima wa Bugando taratibu ukiangalia geji ya joto, kama linayo, na usikilize gia zinavyobadilika. Ukimaliza, toka nalo Buhongwa hadi Usagara na ulifikishe kilomita 80 kwa saa pale kibao kinaporuhusu. Usukani ukitetemeka, ni balansi, rimu au miguu ya mbele. Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo, wewe utakuwa kwenye mwendo huo kila siku. Mfikishe pia kwa fundi wako, si wa muuzaji, alipime kwa kompyuta na kuliinua aangalie chini. Mwenye yadi anayekataa gari lisiondoke mlangoni, mshukuru na uende yadi nyingine.

Ukiona afadhali kuagiza Japani, tumia kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa chochote. Gari lenye zaidi ya miaka 10 tangu kutengenezwa linaongezewa asilimia 30 kwa ajili ya umri, na la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, juu ya ushuru mwingine na VAT. Omba karatasi ya mnada, ile inayoonyesha hali ya gari kwa daraja. Daraja la 4 au 3.5 linatosha, R maana yake limegongwa na kutengenezwa. Uliza pia lilitumika mkoa gani kule, kwa sababu magari ya Hokkaido yanapita kwenye barabara zenye theluji zinazomwagiwa chumvi, na kutu yake iko chini ya sakafu.

Usimalize fedha yote kwenye bei ya gari. Tenga angalau sehemu ya kumi kwa sevisi ya kwanza: oili ya injini na ya gia, filta, plagi, mkanda wa nje, brekipadi, na tairi zinapohitajika.

Siku ya kulipa, angalia kwanza kwa namba ya gari kama lina deni la faini za trafiki na kama bima yake ni hai. Jina kwenye kadi liwe la mtu aliyeketi mbele yako na kitambulisho chake, au awe na nyaraka halali za kumwakilisha mwenye gari. Andikeni mkataba mbele ya wakili, lipa kwa benki, pokea kadi halisi na funguo zote mbili, na muanze kuhamisha umiliki TRA wiki hiyohiyo, muuzaji akiwa bado anapokea simu.