Miezi saba na busta ya kuwashia gari: imeniokoa, lakini pia ilinifichia ugonjwa

Jumatatu ya kwanza nilidhani ni mkosi tu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kimara, nageuza ufunguo wa Toyota IST yangu, na badala ya selfu, mota ya kuwashia injini, kuzunguka nasikia tik-tik-tik-tik. Kila mlio ukitoka, taa za dashibodi zinafifia. Gari ni otomatiki, kwa hiyo ile dawa ya zamani ya vijana watano kusukuma halafu unaachia klachi haipo.

Jirani yangu ana lori la Fuso. Akatoka na msuli wake, kandambili miguuni, waya begani. "Jirani, usihangaike, dakika moja tu hiyo." Boneti iko wazi tayari, ndipo kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri dili liharibike nipande kwake akauliza kwa upole, "Shikamoo mzee. Hiyo Fuso si ni ishirini na nne?" Mzee akasimama, akatazama waya, akacheka. Fuso ina betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo, zinatoa 24. IST ni ya 12. Tungeunganisha vile alivyotaka, huenda ningeunguza kontroo boksi, ile kompyuta ya gari. Tukawashia kwa Noah ya nyumba ya pili, na mimi wiki ileile nikaenda Kariakoo kununua busta yangu mwenyewe.

Nilitoa laki moja na thelathini. Ni kidude cha ukubwa wa kitabu cha tenzi za rohoni, uzito hata nusu kilo hakifiki, kina tochi, tundu la kuchajia simu, na waya mfupi wenye klipu mbili. Boksi limeandikwa 12,000 mAh na ampea 800. Hapa nikae kidogo, maana ndipo wengi tunapigwa. Namba ile ya 12,000 inahesabiwa kwenye seli za ndani zenye volti 3.7. Piga hesabu: unapata kama watt-saa 44. Ukizigeuza kuwa volti 12, ni ampea-saa tatu na kitu. Betri ndogo ya IST ina kama 35. Kwa maneno mengine, kidude hiki hakiwezi kukuchajia betri hata ukilala nacho chini ya boneti. Kinachoweza ni kukukopesha nguvu nyingi kwa sekunde chache, selfu izunguke, injini iwake, halafu altaneta, jenereta ya gari lenyewe, ibebe mzigo. Hizo ampea 800 nazo ni za kilele, za kufumba na kufumbua. Kwa injini ya lita 1.3 zinatosha na kubaki. Kwa Land Cruiser ya dizeli mimi nisingeweka ahadi.

Kwa kazi yake, sina lawama. Nimeitumia mara tisa, imewasha mara nane. Unabana klipu nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, unachomeka plagi kwenye kidude, unangoja taa ya kijani, unapiga selfu sekunde tatu nne, basi. Injini ikiwaka unachomoa haraka. Maelekezo yanasema usizidishe nusu dakika. Siku moja kwenye giza niligeuza klipu, kikapiga kelele na taa nyekundu, hakikutoa umeme. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi. Ile mara moja iliyogoma ilikuwa kwenye gari la shemeji lililolala mwezi mzima. Betri ilikuwa imeisha kiasi kwamba kidude hakikuitambua kabisa. Kuna kitufe cha kulazimisha, lakini ukikibonyeza kinga yote inaondoka, na hapo ukigeuza klipu hakuna wa kukuambia. Shemeji alitaka nibonyeze. Nilimwambia alete chaja.

Kasoro: waya ni mfupi mno, kidude hakina pa kukaa, inabidi mtu akishike au ukipakate juu ya betri. Na jua. Ndani ya gari lililoegeshwa Posta mchana wa Februari, juu ya dashibodi, kidude kinaweza kuchemka, na seli za lithiamu hazipendi joto. Maelekezo ya changu yanasema isizidi nyuzi 60. Mimi nakitembeza kwenye mkoba na laptopu. Kila baada ya miezi miwili mitatu nakitazama, taa nne zikiwa tatu nakichaji.

Sasa ugonjwa. Jumatatu ya pili gari likagoma tena. Busta, likawaka, nikaenda zangu kazini najiona mjanja. Jumatatu ya tatu vilevile. Fundi wa pale karibu na nyumbani akafungua boneti, akagusa betri kwa kidole kama anapima homa, akasema, "Dada, hii imekufa. Tupa, weka mpya." Nikanunua mpya kwa laki moja na arobaini, ya zamani nikamwachia. Niliibeba mwenyewe ile ya zamani hadi kibarazani, nimeiegemeza tumboni. Kitenge nilichokivaa kilikuwa kizima jioni ile. Kilipotoka kufuliwa kilikuwa na matundu kama kimeliwa na panya. Tindikali haina haraka.

Betri mpya ilikaa wiki tatu. Jumatatu ya nne: tik-tik-tik.

Hapo ndipo nilipopata akili ya kujiuliza kwa nini Jumatatu. Busta ilikuwa inaniwashia gari kiurahisi kiasi kwamba sikuwa na sababu ya kuuliza. Nikanunua mita ya kupimia umeme ya elfu kumi na tano, nikaanza kupima kila asubuhi kabla ya kugusa ufunguo. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6. Ikifika 12.4 imebaki kama robo tatu. Ikiwa 12.0 iko hoi. Injini ikiwaka unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.5, hiyo ndiyo altaneta inafanya kazi. Yangu ilikuwa inasoma 14.2, kwa hiyo kuchaji haikuwa shida. Lakini Ijumaa jioni niliacha 12.5, Jumatatu alfajiri nikakuta 11.8. Gari limelala tu, silali nalo mimi.

Nikamtafuta fundi umeme, siyo fundi wa kila kitu. Kijana mdogo, hana maneno. Kwanza akaniambia, "Mama, vua bangili." Akanionyesha alama kwenye kidole chake cha pete: spana aliyoishika iligusa chanya, pete ikagusa bodi, ikawa kama kaa la moto. Akalegeza waya wa ethi, ule wa hasi, kwa spana namba 10, akaiweka mita katikati ya waya na kichwa cha hasi, upande wa ampea 10, akafunga milango na tukanywa chai ili kila kitu ndani ya gari kilale. Huku ameshaniapisha nisiguse ufunguo, kwa sababu selfu ikivuta kupitia mita, fyuzi ya mita inakwenda na maji.

Tuliporudi mita ilikuwa inasoma ampea 0.35. Ya kawaida ni 0.02 mpaka 0.05, kwa saa na kumbukumbu za vyombo. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Ya redio ilipotoka, mita ikashuka hadi 0.03.

Redio! Gari lilipotoka Japani lilikuja na redio inayoishia 90 FM, stesheni nyingi za hapa Dar huzipati, nikawekewa ile ya kioo kikubwa. Aliyeifunga aliunganisha waya wa njano na mwekundu pamoja. Wa njano ni wa umeme wa kudumu, unatunza kumbukumbu; mwekundu unatakiwa upate umeme ufunguo ukiwa umegeuzwa tu. Kwa hiyo kioo kilizimika, redio haikulala. Ampea 0.35 kwa saa 58 za Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri ni ampea-saa 20, zaidi ya nusu ya betri yangu. Na katikati ya wiki foleni ya Morogoro Road, injini inasubiri, AC inavuma, taa zimewaka, haikuwa inarudisha yote. Kurekebisha kulichukua dakika ishirini. Nililipa elfu ishirini na tano. Betri niliyomwachia yule fundi wa kwanza, sijui kama kweli ilikuwa imekufa. Ila kuishusha namna ile wiki baada ya wiki, salfeti inagandamana kwenye sahani za risasi na betri haipandi tena vizuri, kwa hiyo hata mpya yangu nimeshaipunguzia umri.

Yule kijana alinifundisha na ile ya waya, kwa siku ambayo sina busta. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya gari zima, lile lisilogoma. Nyeusi kwenye hasi ya gari zima, na ncha ya mwisho usiibane kwenye betri iliyoisha, ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Cheche ya mwisho inatoka pale unapofunga mzunguko, na betri inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Kuchomoa unarudi kinyumenyume. Nikakumbuka mjomba alivyokuwa anachungulia maji ya betri kwa kiberiti, nikanyamaza.

Ningeinunua tena busta? Ndiyo, kwa mtu wa gari dogo anayetoka nyumbani giza halijaisha. Lakini mita ya elfu kumi na tano ningeitanguliza. Toka redio itengenezwe Aprili busta sijaitumia kwenye gari langu, zaidi ya tochi umeme ukikatika.

Juzi mzee wa Fuso aligonga geti, kaacha taa zinawaka usiku kucha, anataka nimwazime. Nikamwonyesha maandishi ubavuni: 12V. Akasema, "Kumbe wewe nawe siku hizi fundi," akaenda kumwamsha mwenye lori la mchanga.