Roli au boksi? Uzoefu wangu na karatasi za pamba kwenye Epson P900

Ukiuliza bei ya karatasi za kuchapishia picha za sanaa, utaambiwa roli, yaani karatasi ndefu iliyoviringwa, ndiyo nafuu kuliko boksi la karatasi zilizokatwa tayari. Nafuu kwa nani? Mimi natumia printa ya Epson SureColor P900, ambayo upana wa karatasi inayopokea unaishia inchi 17, na karatasi ninayoipenda ni Hahnemühle Photo Rag ya gramu 308 kwa mita ya mraba, pamba tupu. Roli yake ni mita 12. Roli ya inchi 17 ina upana wa milimita 432, kwa hiyo picha ya A2 (milimita 420 kwa 594) lazima ilale kwa kufuata urefu wa roli, na kila moja inakula milimita 594. Hapo unatoa picha 20 kwa kubanabana, na ukiondoa kipande cha mwanzo na cha mwisho, 19. Boksi la A2 lina karatasi 25. Mwenye mashine ya inchi 24 anaigeuza A2 ilale kwa upana, na kwenye mita 12 zile zile anatoa hadi 28. Nafuu inayosifiwa ni yake. Kwa hiyo dukani usilinganishe bei ya roli na ya boksi, gawanya upate bei ya picha moja.

Halafu kuna kujikunja, na hapa ndipo roli hunichosha. Pamba nzito iliyokaa imeviringwa ni kama mkeka mpya: ukiachilia tu, inarudi. Mita za mwisho, zile zilizokumbatia kiini cha kadibodi, ndizo mbaya zaidi. Kona ikiinuka ndani ya mashine, kichwa cha printa kinaikwaruza na kuacha mstari wa wino pembeni. Ikitoka salama, bado kuna fremu. Fundi wangu wa fremu wa Kariokor, Nairobi, aliwahi kunipigia simu: "Dada, hii picha yako imekataa kulala." Siku hizi naifunika karatasi laini, naiviringa kinyume kwenye bomba pana kwa muda mfupi, kisha naiacha chini ya vitabu vizito. Vaa glavu, maana wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa kama hii huchubuka kwa kuguswa tu.

Vumbi la pamba liko kwenye roli na kwenye boksi pia, ila ukingo uliokatwa kwa mkono hutoa nyuzi zaidi. Uzi ukikaa juu ya karatasi wakati wa kuchapisha na kudondoka baadaye, unaacha doa jeupe katikati ya anga. Pitisha brashi laini kabla ya kila picha.

Sasa, haki ya roli. Nilipotaka vilima vya Ngong vyote kwenye picha moja ndefu, hakuna boksi lililonifaa. Hapo roli haina mpinzani. Lakini angalia mashine kabla ya kununua: Canon PRO-1000 nayo ni ya inchi 17 na haipokei roli kabisa, na kwa P900 kifaa cha roli kinauzwa kando. Hata ukikinunua, hakina kisu. Unakata mwenyewe kwa mkasi, halafu unanyoosha ukingo kwa wembe na rula ya chuma. Na stima ikipotea picha ikiwa nusu, kipande kizima kimeenda na wino wake. UPS yangu, ile betri inayoshikilia mashine stima ikikatika, ipo kwa ajili ya hilo tu.

Jambo moja ambalo roli inashinda bila mjadala ni usafiri. Picha ndefu inaingia kwenye bomba na boda anaifikisha. A2 iliyonyooka ndani ya matatu ya saa kumi na moja jioni ni mtihani, hasa kondakta akitaka uipakate.

Kwa sasa oda za kawaida nazichapisha kwenye karatasi za boksi, A3+ (kubwa kidogo kuliko A3) na A2. Roli naifungua mteja wa picha ndefu akishalipa arbuni, na vipande vinavyobaki navikata viwe vya kujaribia rangi.